Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujamwendea

Mwanangu Nasoro,

Assalaam alaykum. Umeniuliza kama kesi ya rafiki yako, anayeshtakiwa kumpiga mkewe, itafutwa iwapo mkewe atasimama mahakamani na kusema amesamehe. Kisha, kwa maneno machache mwishoni, ukaongeza kwamba jamaa za rafiki yako wamekuomba uende ukazungumze na mke huyo, kwa kuwa yeye anakuheshimu kama kaka yake. Hilo la kwanza nitalijibu upesi. La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Karatasi ya mashtaka huandikwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na mke humo ni mlalamishi na shahidi tu. Kifungu cha 204 cha sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai kinamruhusu mlalamishi kuomba kuondoa malalamiko yake wakati wowote kabla ya amri ya mwisho, lakini hakimu ndiye anayepaswa kuridhika kwamba sababu zinatosha, na akikubali, mshtakiwa huachiliwa huru, wala hashtakiwi tena kwa kosa hilo hilo. Mengi yategemea kosa lililoandikwa. Shambulio la kawaida adhabu yake haizidi mwaka 1, shambulio lililosababisha madhara mwilini ni hadi miaka 5, na madhara makubwa yanaweza kumpeleka mtu kifungo cha maisha. Mahakama huhimiza suluhu katika yale madogo, si katika hayo makubwa. Mmenisikia nikisema mara nyingi pale barazani: msamaha ni wa aliyeumia, kesi ni ya Jamhuri.

Sikuzaliwa na maneno hayo. Wajua kwa nini sote hukaa upande wa kulia wa shangazi yako tunapozungumza naye, lakini sidhani nimewahi kukueleza nilikokuwa mimi kabla sikio lile la kushoto halijaharibika.

Mwaka 1999, alikuja nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, alfajiri, akiwa ameshonwa nyuzi 4 juu ya jicho. Alikuwa amekwenda kituo cha polisi peke yake usiku, na askari wa zamu akamwambia hayo ni maneno ya nyumbani, arudi wakayamalize. Hakurudi. Alikwenda tena asubuhi ile na jirani yake wa Kisauni, akasimama mbele ya meza mpaka taarifa yake ikaandikwa katika kitabu cha matukio, akapewa nambari ya kitabu hicho, yaani OB, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, daktari akajaza sehemu yake, na mumewe akashtakiwa. Mwanamke ambaye hakupita darasa la saba aliyafanya hayo yote bila msaada wa ndugu yeyote.

Sisi ndugu tulijitokeza baadaye, na tulijitokeza kumrudisha. Babu yako, Mungu amrehemu, alitandika jamvi, mume akaja na wazee wake, halwa ikaletwa na kahawa, akalia mbele yetu, tukasoma Fatiha. Niliyaamini machozi yale, na hata leo siwezi kuapa kwamba yalikuwa ya uongo. Kisha nikapewa kazi ya kumsindikiza dada yangu mahakamani akaiondoe kesi.

Hakimu alimsikiliza kwa makini, akamwuliza kama kuna mtu aliyemlazimisha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nyuma yake. Shangazi yako aligeuka, akanitazama, akakaa kimya kitambo, kisha akamgeukia hakimu akasema, "La, hakuna." Ikaandikwa. Mumewe akaachiliwa huru, nasi tukapanda matatu sote watatu kurudi Kisauni, mimi nikiwa katikati yao. Kofi la sikio lilikuja miezi minne baadaye. Ndoa ilivunjwa kwa Kadhi, ambaye alikuwa na uwezo juu ya ndoa na masurufu, lakini kosa lile la kwanza halikuwa tena na mahali pa kupelekwa.

Hapa mimi hubishana na nafsi yangu. Qurani, katika Suratun-Nisaa aya ya 35, imetuamrisha kuweka mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke, na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize suluhu. Basi, je, tulikosea kuketi? Sisemi hivyo. Lakini mwamuzi wa jamaa za mke ndiye niliyekuwa mimi, na sikumwuliza dada yangu neno hata moja tulipokuwa peke yetu. Kifungu cha 29 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu wa kawaida, na jamvi la babu yako halikuwa na nafasi ya haki hiyo.

Tangu 2015 iko sheria ya kuwalinda watu na dhuluma za nyumbani, na laiti ingalikuwapo wakati ule. Haitazami kipigo pekee. Imetaja vitisho, matusi, kubanwa kwa pesa, kufungiwa nje ya nyumba, na, lisome hili taratibu, wakwe kuingilia. Mke anaweza kuiomba mahakama amri ya ulinzi bila kuomba talaka, hata ya muda kabla mume hajasikizwa kama hatari iko karibu, na amri hiyo inaweza kumtoa mume nyumbani. Akiivunja, ni faini hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miezi 12, au vyote viwili. Mke wa rafiki yako ameelezwa hayo? Polisi wanapaswa kumweleza. Kama hajui kwamba anaweza kusamehe na bado akalindwa, basi hajasamehe kwa hiari. Amechagua njia moja aliyoonyeshwa.

Rafiki yako naye ana haki zake, wala sitaki uzisahau. Hana hatia mpaka ithibitike, na ukimdhamini unaahidi kwamba atafika mahakamani tu, huapi kwamba hakupiga. Mdhamini wake naweza kukubali uwe. Lakini mahakama ikimkataza kuwasiliana na mkewe, kisha wewe ukabeba ujumbe wake, anaweza kufutiwa dhamana, na nawe ukaulizwa kuhusu kumwingilia shahidi.

Mwaniomba nyote wawili, wewe na mama yako, niseme uende au usiende. Neno liko kwenye ulimi, nami nalizuia kwa taabu, kwa sababu nilipokuwa na umri wako nilipewa amri nikaitii, na sitaki wewe uende wala ubaki kwa amri yangu. Moyo wako unamjua mwanamke huyo kuliko mimi.

Jana nilimsomea shangazi yako barua yako, nikiwa nimekaa upande wake wa kulia. Alinyamaza mpaka adhana ya Isha, kisha akasema nikuulize jambo moja: siku hiyo mahakamani, Nasoro atakaa wapi?

Baba yako