Mtoto anahema haraka baada ya kupandikizwa ini

Pole sana mama. Umesema mwanao wa miaka miwili alipandikizwa ini India, mmerudi miezi mitatu sasa, na usiku anahema haraka. Siku za mwanzo maji kujaa pembeni mwa pafu la kulia si ajabu, ini limekaa chini yake tu. Ila sasa hofu yangu ni nimonia, maana dawa zinashusha kinga. Akilala, mpandishie fulana uhesabu pumzi dakika nzima: zikifika 40, mbavu zikibonyea, au akiwa na homa, nenda hospitali usiku huohuo, kisha wapigie waliompasua. Takrolimasi, ile dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini jipya, usiikatishe. Na antibiotiki ya erithromaisini ya kujinunulia duka la dawa, hapana kabisa! Inapandisha takrolimasi mwilini hadi kudhuru figo.