Ushairi wa Ulimbwende na michoro: anza na bamba la shaba

Mleta uzi ameuliza kama mtu aliyesomea fasihi ya Kiingereza anaweza kufika uprofesa kwa kutafiti ushairi wa Ulimbwende (Romanticism) pamoja na michoro, hali yeye si mchoraji. Anaweza, ila sharti ajue kurasa zenyewe zilitengenezwaje. Namchukua William Blake (1757–1827), mshairi na mchoraji wa Kiingereza aliyechapa vitabu vyake mwenyewe, maana ndiye anayewaumbua wengi.

Blake aliingia uanagenzi wa kuchonga shaba kwa James Basire mwaka 1772, na kufikia 1788 alikuwa na njia yake ya kuchapa. Maneno na picha viliandikwa juu ya bamba la shaba kwa kalamu ya unyoya na brashi, kwa vanishi isiyoliwa na tindikali. Maandishi yalikwenda kinyumenyume, ili yakichapwa yasomeke. Bamba lilizungushiwa ukuta wa nta, ikamiminwa tindikali ya nitriki: shaba iliyo wazi ikalika, palipopakwa vanishi pakabaki pameinuka. Mwinuko wenyewe ni mdogo mno. Kipande kimoja cha bamba kilichosalia, cha kitabu chake *America*, kina mwinuko wa takriban milimita 0.12. Kwa hiyo wino ulipakwa kwa mkono mwepesi. Ukizidi unaingia mabondeni na ukurasa unachafuka. Kingo zilizofunikwa na nta nazo zilibaki juu na kunasa wino, ikabidi zifutwe kabla ya kuchapa. Ukiona mstari hafifu wa wino pembezoni mwa picha, usikimbilie kuutafutia falsafa.

Zamani iliaminika kuwa aliandika karatasini, kisha akahamishia kwenye shaba. Mwaka 1947 mshairi Ruthven Todd na wasanii Stanley William Hayter na Joan Miró waliijaribu njia hiyo New York. Robert Essick na Joseph Viscomi, wote maprofesa wa Kiingereza, wakaja kutetea kwamba aliandika moja kwa moja kwenye bamba, na Viscomi alitengeneza mabamba yake mwenyewe ili kulithibitisha hilo. Kwangu hoja yao ina uzito zaidi, na inagusa usomaji: shairi na picha vilikuwa vikigombania nafasi palepale kwenye shaba.

Tasnifu nyingi huharibikia kwenye rangi. Rangi za maji zilipakwa kwa mkono baada ya kuchapa, mara nyingine na mkewe Catherine, hivyo nakala mbili za ukurasa mmoja hazifanani. Ukijenga sura nzima juu ya anga jekundu la nakala moja, mtahini atakufungulia nyingine yenye anga tofauti. Linganisha angalau tatu, na kila unapotaja picha andika herufi ya nakala (watafiti huzitambulisha nakala kwa herufi) na maktaba inayoitunza. Blake Archive, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za Blake iliyoanza 1996 mikononi mwa Essick, Viscomi na Morris Eaves, inaziweka bure mtandaoni, kwa hiyo nauli ya London si kisingizio. Angalia pia mpangilio: “The Schoolboy” lilianza katika *Songs of Innocence*, baadaye likahamia *Songs of Experience*.

Na usidanganywe na mwaka ulio kwenye jalada la ndani. Huo ni wa bamba. Nakala Z ya *Songs* (vitabu hivyo viwili pamoja), iliyoko Library of Congress, Marekani, ina 1789 na 1794 kwenye kurasa zake, lakini ilichapwa miaka ya 1820, Blake akiwa mzee.