Maswali yenu: Boyle wa darasani na ndugu zake

Swali: Robert Boyle wa kanuni ya gesi alikuwa Mwingereza au Mwairishi?

Alizaliwa Ayalandi, katika ngome ya Lismore, Januari 1627, lakini wazazi wake walikuwa wa jamii ya walowezi wa Kiingereza. Baba yake, Richard Boyle, alishuka Dublin mwaka 1588 na paundi 27 na vito vichache. Mwaka 1602 alinunua kwa bei ya kutupa mashamba ya Walter Raleigh, mkuu wa Kiingereza, huko Munster, kusini mwa Ayalandi, ardhi waliyonyang'anywa Waairishi baada ya uasi wa ukoo wa Desmond dhidi ya Waingereza kuzimwa. Kufikia 1620 akawa Earl (cheo cha ukabaila) wa Cork. Usomi wa wanawe ulilipiwa na kodi za mashamba hayo.

Swali: Eti walizaliwa watoto 15?

Ndiyo, tena kwa mke mmoja, Catherine Fenton. Robert ni wa 14.

Swali: Kati yao nani mwingine alishika kalamu?

Roger aliandika tamthilia za vina na riwaya ndefu, Parthenissa. Mary alimkataa mchumba aliyechaguliwa na baba, akaolewa kwa siri mwaka 1641, na baadaye akaandika shajara kwa miaka mingi. Lakini mimi ningeanza na dada yao Katherine, Lady Ranelagh. Nyumbani kwake London wasomi walikuwa hawakatiki, na mshairi John Milton alimfundisha mwanawe. Hekima yake ilizunguka kwa barua na maelezo ya dawa, si kwa vitabu vya kuchapwa, ndiyo maana hamumjui.

Swali: Kanuni ile aliigundua peke yake?

Hapana. Pampu yake ya hewa ilitengenezwa na msaidizi wake, Robert Hooke. Wazo la uwiano, kwamba shinikizo likiwa maradufu ujazo wa hewa hubaki nusu, lilitoka kwa Richard Towneley, na Boyle hakulificha hilo. Jaribio lenyewe ni tamu: bomba la kioo lililopindwa kama herufi J, mguu mfupi umezibwa. Unamimina zebaki kwenye mguu mrefu. Ikizidi ile ya mguu mfupi kwa inchi kama 29, shinikizo limekuwa maradufu, na hewa iliyofungiwa inabaki nusu. Matokeo yalichapwa mwaka 1662.

Swali: Alioa?

Hakuoa. Tangu 1668 aliishi kwa Katherine, mtaa wa Pall Mall, maabara ikiwa humo humo ndani. Dada alifariki tarehe 23 Desemba 1691. Robert naye alifariki kabla mwaka huo haujaisha.