Watoto Mgahawani: Tatizo ni Kusubiri

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto mdogo na mgahawa havipikiki chungu kimoja. Mimi siamini. Wanangu wawili tumekuwa tukila nao nje tangu mdogo akiwa bado ananyonya, na nilichokiona ni kwamba kinachomshinda mtoto ni kusubiri. Mtu mzima akicheleweshewa chakula anapiga soga. Mtoto wa miaka mitatu mwenye njaa hana soga ya kupiga. Ana kijiko, ana meza, na ana sauti.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza unahusu saa. Ukiingia saa saba mchana, wakati nusu ya mji inatafuta chakula, oda yako itapanga foleni jikoni nyuma ya oda za wenzako. Nenda kabla ya msongamano huo, au jioni mapema wakati wateja wa usiku bado wako njiani. Mhudumu ana nafasi ya kukusikiliza, meza unachagua mwenyewe, na hata mwanao akipayuka hakuna wa kukukodolea macho. Mtoto aliyekosa usingizi wake wa mchana, mwache nyumbani na mtu, au kaeni wote nyumbani.

Mhudumu akija mara ya kwanza, hata kama anaulizia vinywaji tu, agiza chakula cha watoto hapo hapo na useme kiletwe kikiwa tayari. Lazima ulitamke hilo. Kwa kawaida jikoni hupanga vyakula vya meza moja vitoke pamoja, kwa hiyo cha mtoto kilichoiva mapema kitakaa kikingoja chako kinachochelewa. Uliza pia kipi kinatoka haraka. Wahudumu wanajua, na wengi watakuambia ukweli. Kweli, mtoto atamaliza wewe ukiwa ndio kwanza unaanza. Bora hivyo. Aliyeshiba anaweza kutulia na karatasi na penseli za rangi kwa muda wa kutosha wewe kula kwa amani. Simu naiweka kama silaha ya mwisho, na bila sauti. Katuni inayosikika hadi meza ya mbali inakera kuliko kilio.

Menyu ya watoto nayo nina ugomvi nayo. Mara nyingi ni vitu vilivyokaangwa tu, kana kwamba mtoto hajawahi kuona mboga. Omba nusu ya chakula cha wakubwa, bila pilipili na chumvi kidogo, au agiza sahani moja mgawane. Mgahawa unaokataa hata kukupa sahani tupu ya kugawia umeshakuonyesha unavyokuhesabu.

Mimi mgahawa naupima katika dakika za mwanzo. Mhudumu anayeinama akamsalimia mtoto, akaondoa visu na glasi mbele yake bila kuombwa, huyo hata chakula kikichelewa nitamsamehe. Anayekupeleka kwenye meza iliyobanwa na mlango wa jikoni ilhali ukumbi mzima uko wazi, mwambie kwa upole kwamba unataka ya pembeni. Usione haya, unalipa kama wengine.

Kiti cha mtoto kikague kabla ya kumketisha. Mikanda ipo, na inafunga? Miguu ya kiti haichezi? Kisha kiweke mahali ambapo mtoto hawezi kuisukuma meza kwa miguu, kwa sababu akiisukuma kwa nguvu kiti hurudi nyuma na kupinduka naye. Chai na kahawa zikae mbali na mikono yake. Kinywaji cha moto kinaweza kumbabua mtoto hata dakika 15 baada ya kutengenezwa. Na vyakula vya mviringo kama zabibu, kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, vipasue kwa urefu ili visimkwame kooni.

Kuna jambo sinyamazii: kumwambia mama akanyonyeshe chooni. Nani anakula chooni? Uskoti wana sheria ya mwaka 2005 inayofanya kuwa kosa la jinai kumzuia mtu kumlisha maziwa mtoto wa chini ya miaka 2 mahali pa umma. Ningependa nchi nyingi zaidi ziige.

Na migahawa inayokataa watoto kabisa? Korea Kusini wamebishana sana kuhusu hilo, na mwaka 2017 tume yao ya taifa ya haki za binadamu ilisema mgahawa mmoja wa kisiwa cha Jeju ulibagua kwa kuwakatalia watoto wa chini ya miaka 13. Naielewa tume. Ila nikisema ukweli wangu, afadhali kibao mlangoni, nijue mapema na nigeuze, kuliko kupokelewa kisha nikanuniwa mpaka bili ije.

Upande wetu wazazi nao una deni. Mtoto kukimbia kati ya meza si uchangamfu. Mhudumu aliyebeba sinia la supu ya moto haoni kilicho chini ya sinia lake, na hata mtoto akiungua lawama huangukia yeye. Akitaka kukimbia, mmoja wenu amtoe nje wakatembee, mwingine abaki na chakula. Sisi tunapokezana hivyo, na kila mmoja anakula chakula chake kikiwa na joto kidogo.

Bili iombe mtoto akiwa anakaribia kumaliza, usingoje aanze kuvua viatu. Makombo makubwa yaliyoanguka chini okota mwenyewe, bakshishi iache kama mfuko unaruhusu. Mhudumu akikufaa, muulize jina na siku anazokuwa zamu, na ukirudi uombe meza yake.