Mlinganyo wa vipeo ukigoma, chora kwanza

Karibu kila anayeniletea mlinganyo 2^x + 3^x = 10 huwa ameshajaza ukurasa mzima kwa logi. Ameweka logi pande zote mbili, akabaki na log(2^x + 3^x), na hapo ndipo njia inapofungwa, kwa sababu logi hutenganisha kuzidisha, si kujumlisha. Wenye haraka huitenganisha kwa nguvu: x log 2 + x log 3 = log 10, wakapata x ya karibu 1.285. Irudishe hiyo kwenye mlinganyo uone: 2.437 jumlisha 4.103 ni 6.54. Ni zile namba mbili zikizidishwa ndipo inapatikana 10.

Jibu lipo, ila halitoki kwa hatua za kawaida za aljebra. Linatafutwa kwa namba. Nami siku hizi sigusi kikokotoo kabla sijajua majibu ni mangapi na yamekaa wapi. Kwa huu wetu ni rahisi: upande wa kushoto hupanda tu x inapoongezeka, kwa hiyo jibu ni moja. Ukiweka 1 unapata 5, ukiweka 2 unapata 13. Basi limo kati ya 1 na 2.

Si yote iliyo myepesi hivyo. Chukua 2^x = x^2. Wengi huona 2, wachache wakaona na 4, kisha kalamu inawekwa chini. Ukichora grafu zote mbili utakuta zinakatana mara ya tatu upande wa hasi, karibu na -0.7667. Nao e^x = 2x hauna jibu halisi hata moja; unaweza kubonyeza mpaka usiku. Mstari y = kx, k ikiwa chanya, hauufikii mkunjo wa e^x mpaka k ifike e yenyewe, yaani takriban 2.718. Hapo huugusa sehemu moja tu, x ikiwa 1. Ukizidi hapo, majibu ni mawili.

Kwa mfano e^x = 3x una 0.6191 na 1.5121, na ndio ninaopenda kuutumia nikifundisha njia ya kurudiarudia. Andika x = e^x/3, anza na 1.5, jibu unalopata lirudishe ndani tena na tena. Utadhani litatulia palepale jirani, kumbe litateremka polepole mpaka 0.6191. Anza na 1.6: 1.651, 1.737, 1.894, 2.216, na kuanzia hapo namba zinakimbia. Hilo jibu la pili halipatikani kwa umbo hilo hata uanzie wapi, labda uanzie juu yake hasa. Geuza umbo, uandike x = ln(3x), ln ikiwa ni logi ya kizio e, uanze tena na 1.6: 1.569, 1.549, na safari hii linatulia kwenye 1.5121. Mlinganyo ni uleule. Umbo ulilochagua ndilo linaloamua utafikishwa wapi. (Huu na mingine ya aina yake, ambamo x iko kwenye kipeo na nje ya kipeo pia, huandikwa kwa W ya Lambert, yaani fomula inayorudisha w pale w·e^w inapojulikana; mwanahisabati Lambert alianza kazi hiyo mwaka 1758, na mwenzake Euler akaiendeleza. Ni kitu kizuri, lakini mwisho wa siku hata W yenyewe hukokotolewa kwa namba.)

Kwa 2^x + 3^x = 10 natumia njia ya Newton. Toa 10 upande wa kushoto, gawanya kwa mteremko, ambao ni 2^x ln 2 + 3^x ln 3, kisha utakachopata ukitoe kwenye x. Kuanzia 2: 3 gawanya kwa 12.66, x mpya ni 1.7630. Halafu 1.7298. Halafu 1.72926. Usikadirie katikati ya njia. Acha tarakimu zote ndani ya kikokotoo.

Kama swali linataka nafasi nne za desimali, 1.7293, usiridhike kwa kuwa tu namba zimeacha kucheza. Jaribu 1.72925 na 1.72935. Ya kwanza inatoa chini kidogo ya 10, kwa tofauti ya karibu 0.00005, ya pili inapita 10. Jibu limebanwa kati yake, na 1.7293 ni sahihi, japo kwa unywele.