MRI safi haiondoi Parkinson

Ndugu, umeuliza: baba hasikii harufu kwa miaka kadhaa, sasa mkono unatetemeka, na picha ya ubongo ya MRI imetoka safi, je, ugonjwa wa Parkinson haupo? Pole, hilo haliwezi kusemwa. MRI ya kawaida hutafuta uvimbe au sinusi zilizoziba. Seli za ubongo zinazokufa kwa Parkinson kwa kawaida haizionyeshi. Upungufu wa dopamini, kemikali inayotengenezwa na seli hizo, huonekana kwenye kipimo kingine, DaTscan: anachomwa sindano ya dawa yenye mionzi, picha hupigwa saa 3 hadi 6 baadaye. Kwenye picha hiyo, alama yenye mkia kama koma ni nzima. Ikibaki nukta, dopamini imepungua. Mtajieni daktari dawa zote anazotumia, hasa bupropioni, dawa ya sonona, inayoweza kuharibu picha. Levodopa, dawa ya Parkinson, kama anaitumia msimwachishe. Lakini mwoneni kwanza daktari wa neva, maana ugonjwa huu hutambuliwa hasa kwa kumkagua mgonjwa mwenyewe.