Jibu: Nyimbo zipi za Saxophone Colossus ni za Rollins mwenyewe?
Ndugu yangu wa Lindi, umeuliza kama nyimbo zote tano za albamu hiyo, aliyoirekodi mpiga saksafoni wa jazi Sonny Rollins tarehe 22 Juni 1956, ni utunzi wake. La, mbili kati yake, “You Don't Know What Love Is” na “Moritat”, ni za watunzi wengine na zilikwisha kuzoeleka. Hata “St. Thomas”, ijapokuwa imeandikwa kwa jina lake, inatokana na wimbo wa visiwa vya Karibi aliokuwa akiimbiwa na mama yake utotoni. “St. Thomas” naupenda mno: hapa Mikindani, kila ngoma za Max Roach zinapotangulia zenyewe kabla saksafoni haijaingia, vidole vyangu huanza kugonga meza. Kisha usikilize “Blue 7”, inayofunguliwa na besi ya Doug Watkins.